Uzito Peke Yake Hautoshi

Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Mvua ikikosekana, mtama na uwele hupungua ghalani, na watoto wadogo hudhurika kwanza. Lakini mizani yaweza kumpotosha mpimaji: mtoto mwenye kwashakoo huvimba, na maji ya uvimbe huo huficha upungufu wa misuli na mafuta. Kwa hiyo mhudumu wa afya huuzungushia utepe mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, kisha huibonyeza miguu kwa kidole gumba. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko usiofikia sentimeta 11.5, au vishimo vinavyobaki katika miguu yote miwili, ni dalili ya utapiamlo mkali, hata kama uzito waonekana kuridhisha.