Makorongo ya Nzilo: mto uliowadanganya wapelelezi, na picha zisizojua zilikopigwa

Kule Bukama, mto Lualaba ni mtulivu. Mitumbwi ya wavuvi na boti za mbao zenye shehena hushuka kuelekea Malemba-Nkulu na Ankoro bila kukutana na jiwe la kuzitisha. Ukipanda mbali kusini, kwenye nyanda za juu za upande wa Kolwezi, utaukuta mto huohuo tena mpana na mpole, ukipita katikati ya majani. Mgeni aliyeona sehemu hizo mbili anaweza kuapa kwamba hata katikati mambo ni hivyohivyo.

Siyo hivyo. Kati ya sehemu hizo mbili mto unaingia katika makorongo ya Nzilo, unakata milima ya Mitumba, na unashuka zaidi ya mita 450 katika mwendo wa kilomita zipatazo 70. Kuanzia Bukama hadi Kongolo, mwendo wa kilomita zipatazo 640, boti zinapita. Ndani ya makorongo hakuna chombo kinachopita.

Habari hiyo inawahusu wakaaji wa Kamina kuliko inavyoonekana. Kila kiangazi maji yanapopungua na njia zinapokauka, kuna vijana wa mji huu na wa miji jirani wanaotoka kwa treni, pikipiki au lori kwenda kuona maporomoko na mabonde ya Upemba, Kundelungu na Lualaba. Wanachotafuta hasa ni foto nzuri: mtu amesimama juu ya mwamba, nyuma yake maji meupe. Wengi wanategemea ramani ya telefone na neno la rafiki aliyewahi kufika. Kosa linaloweza kuwapata huko ni kosa lilelile lililowapata watu waliokuja na saa za dhahabu na vyombo vya kupimia nyota, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Chukua mfano wa Alexandre Delcommune. Huyu Mbelgiji hakuwa mgeni wa mito. Mwaka wa 1888 na 1889 alikuwa amezunguka mto Kongo na matawi yake kwa meli ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges. Oktoba 1891 alifika Bunkeya akiongoza msafara wa kampuni ya biashara, akajaribu kumshawishi Mfalme Msiri aikubali bendera ya Dola Huru la Kongo. Msiri alikataa. Msafara ukaelekea kusini, ukaufikia Lualaba wa juu, na huko Delcommune akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya: mto uko hapa, unaelekea kaskazini, maji yake ni tulivu; basi tuchonge mitumbwi, tushuke nao.

Ilikuwa miaka ya njaa katika Katanga. Watu wa msafara walikuwa wamedhoofika, na wapagazi walikuwa wanakufa. Kuchonga mitumbwi kulikula nguvu na siku ambazo hawakuwa nazo za kupoteza. Kisha makorongo ya Nzilo yakawasimamisha. Mitumbwi ikaachwa, na wale waliobaki hai wakashika njia ya miguu.

Jambo la kutazama hapa ni kwamba Delcommune hakupotea. Alijua alipo, alijua anakokwenda, na mto ulikuwa kweli unaelekea huko. Alichokosea ni kuamini kwamba mto unaouona mbele yako utaendelea kuwa hivyo nyuma ya kona. Katika korongo, hilo ndilo kosa linaloua. Maji yanayotembea polepole juu ya poromoko hayana sauti ya kukuonya, na ukuta wa mawe unazuia kelele za chini. Mtu akishashuka mwamba mmoja kwa kuruka au kwa kamba na kuivuta kamba yake, hana tena njia ya kurudi juu. Lazima aendelee mbele, hata kama mbele kuna kitu asichokijua.

Kabla ya Delcommune, Mwingereza Verney Lovett Cameron alikosea kwa namna nyingine. Mwaka 1874 na 1875 alikaa miezi mingi katika nchi ya Waluba, akiwa mgeni wa Mfalme Kasongo Kalombo. Alitaka kufika ziwa Kisale, ambalo aliliandika Kassali, lakini hakuruhusiwa; aliliona kwa mbali tu. Basi akauliza watu, akachora. Mengi aliyoambiwa yalikuwa kweli, na ni yeye aliyesema kwa usahihi kwamba Lualaba ni mto Kongo, wakati David Livingstone alikuwa amekufa mwaka 1873 akiwa bado anatumaini kwamba ni Nile. Lakini katika habari za Cameron kulikuwa pia na ziwa kubwa liitwalo Sankorra, na ziwa hilo halipo. Kuna mto Sankuru. Labda aliyeeleza alisema maji mengi, na aliyesikiliza akaandika ziwa. Wenyeji hawakudanganya, swali lilipita katika lugha nyingi mno kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kulikuwa pia na tatizo la saa, ambalo vijana wa leo hawalijui kwa sababu telefone inalimaliza kimyakimya. Kujua uko mbali kiasi gani kusini mwa ikweta ni rahisi: unapima urefu wa jua au nyota juu ya upeo, unafanya hesabu. Kujua uko wapi mashariki au magharibi kunahitaji saa isiyokosea. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika 4. Kwa hiyo saa yako ikichelewa dakika 4, katika latitudo ya Kamina umejiweka mahali pasipo pako kwa kilomita zipatazo 110. Dakika moja tu ni kilomita 27. Na saa hiyo ilikuwa inabebwa miezi kadhaa, juani na mvuani, katika mzigo wa mpagazi aliyekuwa akivuka mito na kujikwaa mawe.

Ndiyo maana mwaka 1898 Kapteni Charles Lemaire alitumwa Katanga akiwa na kazi moja kubwa: kupima upya. Msafara wake wa kisayansi ulidumu hadi 1900, uliingia kwa upande wa ziwa Tanganyika na kufika mbali magharibi hadi ziwa Dilolo. Kila palipowezekana walipima nyota, sumaku ya dunia na urefu wa nchi. Lemaire si mtu wa kusifiwa kwa kila jambo. Alipokuwa mkuu wa wilaya ya Équateur miaka michache kabla, utawala wake uliambatana na vijiji kuchomwa moto. Lakini vipimo vyake vilisogeza milima na mito kwenye ramani, vikaiweka karibu zaidi na pale ilipo kweli.

Katika msafara huo kulikuwa na watu wawili waliobeba macho ya wengine: mchoraji Léon Dardenne na mpiga picha François Michel. Kazi ya Michel haikuwa ya kubonyeza kidole. Picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kila picha ilikuwa kioo kimoja. Vioo ni vizito, vinavunjika, na joto la Katanga linalegeza dawa yake. Kuvisafisha kulitaka giza na maji safi, tena maji yasiyo ya moto. Mtu hakupiga foto 200 ili achague moja. Alisimama, akatazama mwanga, akaamua kama mahali hapo panastahili kioo.

Kwa kuwa kioo kilikuwa na thamani, kiliandikiwa: mahali, na pengine siku. Hapo ndipo picha ilipokutana na ramani. Picha ya mlima ambao mahali pake pamepimwa ni ushahidi. Unaweza kurudi baada ya miaka 100, ukasimama palepale, ukaona msitu uliopotea au mto uliopungua. Picha ya mlima usio na jina ni mapambo ya ukuta.

Jina pekee, hata hivyo, linaweza kumpoteza mtu, na Katanga ni mfano mzuri. Umoja wa makampuni ya madini, Union Minière, ulipojenga mabwawa ya umeme kwenye Lufira na Lualaba, uliyaita kwa majina ya wapelelezi. Mwadingusha, kwenye maporomoko ambayo ramani za kale zinayaita Cornet kwa heshima ya mtaalamu wa mawe Jules Cornet, iliitwa Francqui. Koni iliitwa Bia. Nseke iliitwa Le Marinel. Na Nzilo, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1952, iliitwa Delcommune: yaani mtu aliyeshindwa na makorongo akapewa jina la bwawa lililoyaziba. Katika miaka ya Zaire majina ya wenyeji yakarudi. Leo kijana anayetafuta picha za kale za Nzilo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akiandika "Nzilo" peke yake huenda asipate kitu, kumbe zimelala chini ya jina la Delcommune. Na anayetembea na ramani ya Wabelgiji mkononi anaweza kumwuliza mzee wa kijiji njia ya mahali ambapo mzee hajawahi kupasikia kwa jina hilo, ingawa amezaliwa hapo.

Telefone imeondoa shida ya saa, lakini imeleta zake. Ili ijue ilipo, inahitaji kusikia satelaiti kadhaa kwa wakati mmoja. Katika uwanja wa Kamina, ambako mbingu iko wazi pande zote, hiyo si kazi. Ndani ya korongo jembamba mbingu ni mstari mmoja tu. Satelaiti nyingi zimefichwa na kuta, na ishara za zile zilizobaki zinagonga mwamba kabla ya kufika. Kialama kwenye skrini kinaruka, mara uko ng'ambo ya pili, mara uko juu ya jabali. Foto inayopigwa dakika hiyo inabeba kosa hilo ndani yake, na hakuna anayelijua. Kama rezo haipo na ramani haikupakuliwa mjini, skrini inabaki nyeupe na kialama kikielea juu yake.

Makosa mengine yanafanyika nyumbani, kwenye kiti. Kamina iko karibu digrii 8.74 kusini na 25 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa inayoonyesha kusini, umeipeleka Sudan Kusini. Ukigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, umeiweka katika jangwa la Mauritania. Na foto iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida haifiki na anwani yake. Programu inaiondoa njiani. Mwenye foto ya kwanza akipoteza telefone, kinachobaki kwa marafiki ni maji mazuri ya mahali fulani.

Kwa Nzilo kuna hatari ambayo Delcommune hakuijua, yaani bwawa lenyewe. Chini ya bwawa la umeme, mawe makavu hayasemi lolote juu ya maji ya saa ijayo, kwa sababu maji yanaweza kuachiliwa juu bila mvua kunyesha. Anayetaka kushuka kupiga picha aulize kwanza wanaofanya kazi bwawani na wavuvi wa pale, tena aulize watu wawili tofauti. Kwa Upemba na Kundelungu, ruhusa inatoka kwa ICCN, na walinzi wa mbuga ndio wanaojua njia ipi imefungwa na usalama uko vipi wiki hiyo. Aseme pia nyumbani anaenda korongo lipi na atarudi siku gani.

Kuhusu namna ya kuandika mahali, hakuna haja ya kutafuta mbali. Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilichunguzwa kuanzia 1946 hadi 1949 na kundi la Gaston-François de Witte, lililokusanya wadudu, vyura, nyoka na samaki kwa wingi. Walipita Lusinga penye baridi, mita 1,760 juu ya bahari. Wakashuka makorongo ya Pelenge. Wakafika Mabwe penye joto, kando ya ziwa. Kila kiumbe kilifungiwa kikaratasi kidogo chenye jina la mahali kama wenyeji walivyolitamka, mto na tawi lake, upande wa kulia au wa kushoto, na urefu wa nchi. Vikaratasi hivyo havikuhitaji satelaiti hata moja, na mtafiti wa leo akikisoma kimoja anajua aende wapi: "Mabwe, ukingo wa mashariki wa ziwa Upemba, mita 585."