Mbaazi Unaosingizia Jua Mapema

Msomaji mmoja anauliza: kwa nini mwanawe, ambaye ukoo mzima humsifu kuwa ana kichwa, hukesha akitazama mpira usiku wa kuamkia mtihani? Ni uvivu?

Huenda ni woga. Mwaka 1978 wanasaikolojia Steven Berglas na Edward Jones walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Baadhi walipewa maswali yasiyojibika, wakabahatisha, kisha wakaambiwa wamefanya vizuri sana. Kabla ya mtihani wa pili walitakiwa kuchagua dawa: Actavil, iliyosemekana kuchangamsha akili, au Pandocrin, iliyosemekana kuidumaza. Zote zilikuwa za kubuni. Wanaume waliosifiwa kwa kubahatisha, wengi walichagua Pandocrin. Kati ya waliopewa maswali yanayojibika, wachache tu ndio walioitaka. Kwa wanawake matokeo hayakuwa wazi hivyo.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mbaazi wa wanafunzi hawa ni mjanja zaidi: unaliita jua liuchome kabla ya msimu. Maua yasipotoka, lawama ni za jua, wala hakuna atakayesema mbegu ni mbovu. Yakichanua, sifa ni maradufu: tazama mti uliotoa maua katikati ya ukame! Kinachopotea ni mavuno tu, na mbaazi uko radhi kuyatoa kafara ili mbegu yake isitiliwe shaka.

Tabia hii tuiiteje? “Kujihujumu” kunadokeza kuichukia nafsi, kumbe nafsi ndiyo inayolindwa. Nachagua “kujikwamisha”.

Kinachoiamsha si lazima kiwe kushindwa. Katika jaribio lile kilikuwa ushindi ambao mwenyewe hajui aliupataje. Anayeambiwa tu “una kichwa” amekabidhiwa mali asiyojua ilikotoka, na kesho anadaiwa ailete tena mbele ya watu. Mpira wa usiku unampa la kusema.

Basi mzazi, anza na sifa zako. Msifu kwa hatua alizofuata kulifumbua swali gumu, ajue alama zake zilitoka wapi. Pia, kama mwanasaikolojia Claude Steele alivyoeleza mwaka 1988, nafsi inayotishwa upande mmoja hutulia ikithibitishiwa thamani yake upande mwingine. Mkumbushe anavyotegemewa na wadogo zake. Ukizima televisheni huku ukiendelea kumwita kichwa, usishangae asubuhi ya mtihani akiamka analalamika tumbo.