Elimu ya Nyota Si Ramli: Binti Zetu na Somo la Falaki Chuoni

Kila mwaka nafasi za vyuo vikuu zinapogawiwa, nyumba zetu huingia katika mashauriano. Udaktari, ualimu, uanasheria na biashara hupokewa kwa bashasha. Lakini binti akitamka kwamba moyo wake umependa falaki, kikao hunyamaza. Bibi huuliza iwapo mjukuu wake anakwenda chuoni kujifunza kupiga ramli. Baba huuliza ni nani atakayemwajiri. Mama hubaki katikati, hana la kumjibu huyu wala yule. Kwa hiyo juma hili tumeona ni vyema tulieleze somo hili lilivyo, ili uamuzi wa wazazi, wowote utakaokuwa, usimame juu ya ujuzi wala si juu ya hofu.

Tuanze na hofu ya bibi, kwani haikuzuka bure. Katika Pwani yetu neno falaki limebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambayo wanazuoni wetu waliitumia kujua nyakati za sala, kibla na miezi. Wa pili ni ule wa waganga wanaodai kusoma bahati ya mtu kwa nyota yake. Dini yetu imeyatenganisha haya mawili tangu mwanzo. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, rehema na amani zimshukie, watu walisema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume mwenyewe aliwakanya: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Chuoni ndivyo wanavyofundishwa wanafunzi pia. Hakuna darasa la nyota za bahati. Mwalimu atakayesikia habari hizo atamrudisha mwanafunzi kwenye hesabu zake.

Je, hufundishwa nini basi? Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya falaki pamoja na fizikia ya nyota. Kozi ya utangulizi, popote inaposomeshwa, huanza na anga kama jicho linavyoliona: kwa nini jua huhama kaskazini na kusini katika mwaka, kwa nini mwezi huandama, hupevuka na kufifia, na kupatwa hutokea vipi. Mama anaweza kuyaona haya kwa kijiti kilichosimamishwa wima uani. Hapa Mombasa, kuanzia Machi hadi Oktoba, kivuli cha adhuhuri hulala upande wa kusini. Miezi iliyobaki hulala kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, katika miezi hiyo miwili, jua hupita utosini na kivuli karibu hutoweka.

Hesabu hizo hizo hutuonyesha jambo litakalowafurahisha wengi. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini takriban kamili, na jua linapofika kilele chake Makka, hapa kwetu nako hufika kabla ya dakika moja kupita. Tena mara mbili kila mwaka, siku za tarehe 27 au 28 Mei na 15 au 16 Julai, jua husimama juu ya Kaaba yenyewe. Mwezi Mei huwa saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na Julai huwa saa sita na dakika 27. Wakati huo kivuli cha kijiti huelekea upande ulio kinyume kabisa na kibla. Msikiti ulioinamisha safu zake kimakosa unaweza kujisahihisha kwa kijiti kimoja.

Baada ya hapo mwanafunzi huingia katika nguvu ya mvutano. Mvuvi wetu anajua kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Chuoni binti atajifunza sababu: mwezi na jua vikiwa katika mstari mmoja na dunia, mivutano yao huungana, vikikaa pembeni, mmoja hupunguza kazi ya mwingine.

Kisha huja nuru, na hapa ndipo fizikia ya nyota inapoanza. Nuru ya jua husafiri kilomita milioni 150 kwa muda wa dakika nane hivi. Nuru ya nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua hutumia zaidi ya miaka minne. Nuru hiyo ikitawanywa katika rangi zake, kama upinde wa mvua, hutoa siri ya joto la nyota na mada zilizomo ndani yake. Mwaka 1925 mwanamke kijana kutoka Uingereza, Cecilia Payne, aliyekuwa akisoma Marekani, alionyesha kwa njia hii kwamba nyota zimeumbwa kwa sehemu kubwa na haidrojeni na heliamu. Bingwa mkubwa wa wakati huo, Henry Norris Russell, alimpinga, naye akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo hayo si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe aliyathibitisha.

Wala Payne si mwanamke wa kwanza katika uwanja huu. Ibn al-Nadim, katika Fihrist yake, amemtaja al-Ijliyya, bibi wa Halab wa karne ya kumi Miladia, aliyekuwa fundi wa asturlabu katika zama za Sayf al-Dawla. Karne hiyo hiyo Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kuhusu wingu dogo angani ambalo leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Huko Damascus, katika karne ya kumi na nne, Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya, mtunza nyakati za sala. Majina kama Aldebaran, Altair, Vega na Rigel, ambayo wanafunzi wa dunia nzima huyakariri, asili yake ni Kiarabu.

Na Pwani yetu imo. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Aliyeusimamia mradi huo alikuwa mwanamke wa Kimarekani, Marjorie Townsend, naye ndiye aliyeipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji wake. Uchunguzi wake ulisaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa huenda ni shimo jeusi, ambalo mvutano wake hauachii hata nuru. Katika vitabu vya chuo vya lugha nyingi, neno hili letu la Kiswahili lingali likisomwa.

Tusifiche yaliyo magumu. Somo hili lataka hisabati na fizikia kwa kina, asiyezipenda ataumia. Kazi zenye jina la mwanafalaki ni chache nchini. Hata hivyo, ujuzi wa kuchambua data, kutumia kompyuta na kusoma picha za setilaiti unahitajika kwingi, na Kenya imekuwa na shirika lake la anga za juu tangu 2017, kisha ikarusha setilaiti ya Taifa-1 mwaka 2023. Kuhusu masomo ya usiku kwenye darubini, mzazi ana haki ya kuuliza chuo mapema: wanafunzi huenda na nani, na hurejeaje mabwenini? Kuuliza hivyo ni malezi, na si kumfungia binti mlango.

Kwa hiyo, siku kikao kitakapoketi nyumbani kwenu, tunawaomba mumwache binti azungumze kwanza. Mpeni kijiti, akamwonyeshe bibi uani kibla kilipo na kwa nini. Bibi akikiona kivuli, atajua mwenyewe kama hiyo ni ramli.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi busara ya kuitambua. Amin.