Tiba ya kansa kwa mionzi: mashine ya Bukavu ingemfaa vipi mgonjwa wa Idjwi?

Mwanamke wa Idjwi akigunduliwa kansa ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea, upasuaji peke yake hautamtosha. Anahitaji tiba ya mionzi, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Lakini Bukavu hakuna mashine ya kazi hiyo. Mwenye uwezo huvuka mpaka hadi Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza tiba hiyo mwaka 2019. Kwa mkaaji wa kisiwani, hiyo ni boti, mpaka, barabara na kodi ya nyumba ugenini.

Mashine hiyo huitwa akselereta. Ndani ya bomba la shaba lisilo na hewa, mawimbi ya umeme husukuma elektroni mpaka zikaribie mwendo wa mwanga. Zikigonga kipande cha madini ya tangsteni, hutoa mionzi ya eksi yenye nguvu. Vibamba vya tangsteni vinavyosogezwa na mota huipa mionzi umbo la uvimbe, ili sehemu nzima za mwili zisiungue.

Ugumu ni kuitunza. Inataka umeme usiokatika, maji ya kuipoza na mafundi wa karibu. Watafiti waliolinganisha hospitali za Uingereza, Nigeria na Botswana waliona kwamba vibamba husumbua kila mahali, lakini sehemu zinazolinda bomba lisiingie hewa huharibika zaidi Afrika. Ndiyo maana mradi wa STELLA, unaokutanisha kituo cha CERN cha Geneva, vyuo vikuu vya Uingereza na wataalamu wa Afrika, unatafuta muundo mwingine: mashine isiyoharibika ovyo, rahisi kutengeneza, inayovumilia umeme wetu.

Uganda inajua gharama ya mashine kufa. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya nchi hiyo, ya kobalti, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika. Wagonjwa wengine walipelekwa Nairobi. Mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Idjwi haihitaji mashine yake kisiwani. Ikiwa Bukavu, safari itakuwa ya ziwa tu. Lakini kuinunua hakutoshi. Kunatakiwa chumba chenye kuta nene za beto, umeme wa uhakika na vijana waliofundishwa kuitengeneza. Bila hayo, mgonjwa atafika Bukavu na kukuta mlango umefungwa.