Lesula, Kima wa Msitu wa Lomami

Watoto wa Kindu wanaujua mto Lualaba, kwa maana mji wao umejengwa kando yake. Lakini mtu akitoka Kindu na kwenda mbali upande wa magharibi, atafika kwenye mto mwingine, nao ndio Lomami. Huko kuna msitu mkubwa sana. Tangu mwaka 2016 sehemu ya msitu huo imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yaani mahali ambapo wanyama hulindwa na sheria. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 8,900, katika majimbo ya Maniema na Tshopo.

Katika nchi ya majani mafupi, mtu huona makundi ya wanyama kwa mbali. Msituni sivyo. Miti imesongamana, na mnyama husikia hatua za mtu kabla ya kuonekana. Aliyekwenda mara moja tu hurudi akisema, “Sikuona kitu.” Kwa hiyo wenye elimu ya wanyama hurudi tena na tena. Hutazama chini, wapate nyayo za okapi na mavi ya tembo. Hutazama juu, wapate viota vya bonobo, ambao hujitandikia matawi kila jioni ili walale. Hata unyoya mmoja wa tausi wa Kongo ni habari kwao. Yote huandikwa katika daftari, pamoja na siku na mahali.

Mwaka 2007 watu hao walianza kupita katika msitu wa Lomami. Mwezi wa Juni walifika Opala. Nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi wakaona kima mdogo wa kike amefugwa. Hawakupata kumwona kima wa namna hiyo. Wakauliza jina lake. Mwalimu akawajibu kwamba ni lesula, na kwamba wawindaji wa nchi ile wanamjua vizuri. Wakampiga picha. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wakawaona lesula porini.

Lesula yukoje? Uso wake hauna manyoya, pua yake ni ndefu, na macho yake ni makubwa kama ya mtu anayefikiri. Kifua chake kina rangi ya manjano. Matako ya dume ni ya buluu. Hula matunda na majani, na mara nyingi hutembea chini kimyakimya. Lakini alfajiri dume hutoa sauti nzito inayosikika mbali.

Je, huyu alikuwa kima mgeni kweli? Ng’ambo ya Lualaba, upande wa mashariki, yuko kima mwingine anayefanana naye, mwenye uso kama wa bundi. Wenye elimu wakalinganisha ngozi, mafuvu, sauti, na chembe za urithi za hao wawili. Wakaona kwamba ni ndugu waliotengana tangu zamani sana. Waliotengwa na nini? Na mito. Kima hawezi kuogelea mto mpana kama Lualaba. Kwa mtu mwenye mtumbwi mto ni njia, lakini kwa kima mto ni ukuta. Kila ndugu akabaki upande wake, na polepole wakawa mbalimbali. Mwaka 2012 habari hizo zilitangazwa, na lesula akapewa jina la elimu linalotokana na mto Lomami.

Lakini mnyama aliyejulikana juzi aweza kupotea kesho. Kwa kuwa lesula hupita chini, hunaswa kwa urahisi katika mitego. Wawindaji wenye bunduki huingia mbali msituni, na nyama iliyokaushwa kwa moshi hupakiwa juu ya baiskeli na kupelekwa sokoni mjini. Tena kima jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja. Wakiuawa wengi kuliko wanaozaliwa, hesabu yake hata mtoto wa darasa la kwanza aijua. Na nje ya msitu huu wa Kongo hakuna lesula wengine wa kuja kujaza mahali pao.

Watu wa Opala walikuwa na jina la lesula kabla halijaandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama. Ilitosha kwamba mgeni aliuliza na mwenyeji akajibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Waulizeni wazee wenu majina ya wanyama wa msituni, nanyi myaandike.

MASWALI
1. Kwa nini haitoshi kwenda msituni mara moja?
2. Nani aliyewaambia wageni jina la lesula?
3. Eleza kwa nini mto ni ukuta kwa kima.
4. Kwa nini lesula yumo hatarini?