Chungu cha Ulezi

Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma wakiwaona wazee wamezunguka chungu, mirija midomoni, huwaita walevi. Hawajawahi kuketi hapo.

Kimpumu, pombe hiyo ya chunguni, si ya kubugia. Ulezi hulowekwa, ukafunikwa mpaka uchipue, ukaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea, nacho huchachusha unga wa ulezi uliopikwa ukawa mzito. Siku ya kunywa, machicha hayo yaliyochachuka hutiwa chunguni yakamwagiwa maji ya moto. Mrija ni mwembamba, ncha yake ina kichujio cha kuzuia makapi, na maji yanaunguza ulimi. Mwenye pupa hapati kitu. Mama aliyepika huongeza maji kila kinapopungua, na kila anapoongeza, ukali unapungua. Mpaka jioni wanavuta maji yenye harufu ya ulezi tu, na mazungumzo bado yamekolea.

Viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, mtu alivimaliza peke yake, amesimama. Kimpumu hakinyweki bila mwenzako.

Wanyiha wa Mbozi na Wanyamwanga wa Momba, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, walilimia kwa chungu hicho. Mwenye shamba kubwa alipika pombe, majirani wakaja na majembe alfajiri. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, Wabemba nao hunywa ulezi kwa mirija. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliandika habari zao katika kitabu chake cha 1939.

Kinachouma ni ulezi wenyewe. Wanyiha waliupanda kwa nkomanjila: matawi ya miti yalikatwa, yakatandazwa na kuchomwa, mbegu ikamwagwa juu ya majivu. Miti imekwisha, na ardhi nzuri ya Mbozi imeshikwa na kahawa na mahindi. Hakuna wa kumlaumu. Kahawa imesomesha watoto. Lakini Dodoma, ambako zabibu zililetwa na wamisionari, mvinyo una kiwanda, chupa na lebo. Ulezi, uliokuwapo kabla ya wamisionari hao, umebakiwa na jina la ulevi.

Mwenye bibi anayejua kuotesha kimea, akakae naye baada ya mavuno ya ulezi, ajifunze kwa mikono yake.