Asili na Maana ya Kitenzi "Ser" cha Kihispania

Mwanafunzi wa Kihispania hukabiliwa mapema na vitenzi viwili, *ser* na *estar*, ambavyo vyote hufasiriwa kwa "kuwa". Kanuni anayopewa kwa kawaida ni kwamba *ser* ni ya hali za kudumu na *estar* ni ya hali za kupita. Kanuni hii yafaa itazamwe kwa shaka. Mhispania husema *es joven*, "yeye ni kijana", kwa *ser*, ingawa ujana haudumu. Na marehemu husemwa *está muerto*, "amekufa", kwa *estar*, ilhali hakuna hali iliyo ya kudumu kuliko hiyo. Mji wa Madrid nao, ambao haujapata kuhama, hutajwa kwa *estar*: *Madrid está en España*.

Tukirejea Kilatini jambo hili hupata mwanga. *Estar* yatokana na *stare*, "kusimama". Kihispania kilitanguliza *e* kwa kuwa hakivumilii *s* ifuatwe na konsonanti mwanzoni mwa neno. (Sisi tulipokumbana na tatizo kama hilo tulipachika irabu katikati, tukapata *sitima*.) Asimamaye husimama mahali, tena katika hali fulani. Ndipo *estar* ikashika mahali na hali, kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na *yuko*, *yupo* na *yumo*, na mara nyingi na kiambishi *-me-*, wala si na *ni*.

*Ser* ina historia ya ajabu zaidi, kwani ni vitenzi viwili vilivyoungana. Maumbo *es*, *son* na *era* yametoka katika *esse*, "kuwa". Lakini maumbo *ser*, *sea* na *siendo* yametoka katika *sedere*, "kuketi": *d* iliyokuwa kati ya irabu ilidondoka, ikabaki *seer*, kisha *ser*. Kwa mzungumzaji wa lugha za Kibantu safari hii ya maana si ngeni. *Kukaa* kwetu ni kuketi, tena ni kuishi mahali, na katika "kaa kimya" hakuna kiti kinachohitajika. *Gũikara* ya Kikuyu nayo hubeba kuketi na kuishi pamoja. Tofauti ni kwamba *kukaa* hakujaingia katika jedwali la maumbo ya "kuwa", bali *sedere* iliingia.

*Estar*, hata hivyo, haikutwaa kila mahali. Mkutano ni tukio, hausimami popote. Kwa hiyo Mhispania husema *la reunión es en Madrid*, kama nasi tusemavyo "mkutano ni Nairobi".